Nusu Lita

Miaka ishirini na sita nilisoma mita za maji,
Tandale, Manzese, Sinza hadi Masaki,
daftari kwapani, mbwa wa watu wakinijua kwa harufu.
Leo daktari amenipimia: nusu lita kwa siku,
mchuzi ukiwemo, na chai, na uji wa asubuhi.
Ukicheka, cheka. Mimi nilishacheka.

Jumanne, Alhamisi, Jumamosi,
saa nne nzima nimefungwa kwenye mashine Muhimbili,
damu yangu inatoka kutembea, kisha inarudi nyumbani.
Kitanda cha pili yupo Bi Shemsa wa Temeke,
muuza vitumbua, mdomo wake haujawahi kulazwa.
Yeye huanza na Bismillahi, mimi huchora msalaba,
sindano inaingia, sote tunasema "Aii!"
kwa lugha moja.

Ndipo tunapoongea. Utafanya nini kingine?
Madoa ya darini tumeyahesabu, mengine tumeyapa majina.
Amenisimulia waume wawili, na yule wa tatu ambaye hakuwa mume.
Nimemsimulia Mbinga, baridi, mibuni,
na padri aliyenibatiza Kanuti
kwa kuwa siku ile kalenda ilimwangukia Kanuti.
"Kwa hiyo ungechelewa siku moja," akasema,
"ungekuwa mtu mwingine?"
Sikuwa na jibu. Bado sina.

Alhamisi alifika kimya.
Idrisa, mdogo wake, amejitolea figo.
Wakapimwa. Daktari akamwita pembeni, peke yake:
nyinyi si ndugu wa damu. Na sheria inataka damu.
"Kanuti, mmoja wetu aliokotwa.
Mama yuko Kisutu, udongo umeshaota majani.
Nimwulize nani? Na kama ni mimi?
Miaka hamsini na minane nimekuwa binti Athumani,
nimerithi hata kukoroma kwake!"
Nikamwambia, ukweli ni ukweli, mwambie.
Akanigeuzia shingo:
"Na wa kwako uko wapi?"

Basi nikautoa.
Mwaka wa mvua kubwa tajiri mmoja wa Masaki
alinipa bahasha. Namba zake nikazishusha,
nikazipandisha kwenye bomba la uani, Tandale,
kwa mjane aliyekuwa akiuza maji kwa ndoo.
Wakamkatia.
Niliungama. Padri akanipa Salamu Maria kumi.
Nilizisali zote. Bomba halikutoa hata tone.
"Ndiyo maana napimiwa nusu lita," nikasema. "Mungu anadai."
Bi Shemsa alicheka mpaka mashine ikalia, nesi akaja mbio.
"Mungu gani huyo wa kutembea na daftari?
Maradhi ni maradhi. Deni ni deni.
Yule mjane ana jina?"
Analo. Nyamizi.
Miaka kumi na tisa sikuwahi kulitamka.

Leo Idrisa amemleta dada yake,
kabeba mto, kabeba kikombe chenye vipande vitatu vya barafu,
posho ya kiu.
Anajua? Nausoma uso wake kama nilivyosoma mita:
kioo kina ukungu, namba hazionekani.
"Dada," anaita.
Koo la Bi Shemsa linapanda, linashuka,
kama mtu anayemeza maji asiyoruhusiwa.
"Abee," anaitika.

Kisha ananigeukia, sauti ya chini:
"Hilo nalo si uongo, au?"
Mimi natazama dari.
Kesho baada ya misa ya kwanza nitakwenda Tandale.
Sijui kama bomba lile lipo, sijui kama yeye yupo,
sijui nitajitambulisha kama nani.

Nesi anakuja na karatasi yake:
baba, umekunywa kiasi gani tangu Alhamisi?
Namtajia.
Ananitazama.
Naongeza kikombe kimoja.